Darasa la Kifaransa Tanzania na darasa la Kiswahili Bujumbura: namna ya kuwakutanisha wanafunzi mtandaoni

Wanafunzi wa Kifaransa katika sekondari zetu wanaweza kusoma lugha hiyo miaka minne wakiwa na mtu mmoja tu wa kuongea naye: mwalimu wao. Bujumbura wako vijana wa umri uleule wanaosomeshwa masomo yao mengi kwa Kifaransa, na kwao Kiswahili ni somo la darasani. Kila upande una kile ambacho mwenzake anakitafuta. Saa ya Bujumbura iko nyuma ya yetu kwa saa moja tu, na hakuna anayehitaji nauli wala pasi ya kusafiria. Mwongozo huu ni wa mwalimu anayetaka kuyakutanisha madarasa mawili ya namna hiyo kwa intaneti, kwa muhula mmoja. Mwenye darasa shirika Kigali, Lubumbashi au Leipzig ya Ujerumani atabadilisha mambo machache, nami nitayataja yanapofika.

Kuna jambo moja la kulishika kabla ya hatua yoyote. Mikutano mingi ya aina hii hufa wiki ya pili kwa sababu watoto huwekwa mbele ya kioo na kuambiwa, "Haya, ongeeni." Wanasalimiana, wanatajiana majina, wanaulizana timu za mpira, kisha kimya. Watu husema watoto wana aibu, au lugha haijatosha. Mimi naamini tatizo ni kwamba hakuna kitu ambacho upande mmoja unakihitaji kutoka upande wa pili. Ndiyo maana shughuli zote hapa chini zina umbo moja: kila darasa linashika nusu ya jambo, haliwezi kulimaliza bila nusu ya pili, na njia ya kuipata nusu hiyo ni kuuliza kwa lugha inayosomwa. Ukilielewa umbo hili utatunga shughuli zako mwenyewe, na zitafaa darasa lako kuliko hizi zangu.

Hatua ya 1: Tafuta mwalimu, shule itafuata

Makubaliano kati ya shule na shule hukaa kwenye faili. Makubaliano kati ya walimu wawili wanaopigiana simu hufanya kazi. Anzia mahali walimu wa lugha wanapokutana: Alliance Française ya Dar es Salaam au Arusha, Institut français ya Bujumbura, vyama vya walimu wa Kiswahili, makongamano ya CHAKAMA, yaani Chama cha Kiswahili cha Afrika Mashariki. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, nayo ni mlango mzuri wa kuwapata walimu wa Kiswahili wa nchi jirani. Mtandao wa iEARN, ulioanza mwaka 1988, unaunganisha shule za nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Jukwaa la eTwinning la Umoja wa Ulaya, lililoanza mwaka 2005, lina maelfu ya miradi ya kujifunza kwayo, ila limejengwa kwa ajili ya shule za Ulaya na majirani zake, kwa hiyo usilitegemee kwa kujiandikisha.

Ukimpata mwalimu mwenza, msiwaambie wanafunzi kitu bado. Zungumzeni ninyi wawili kwanza, kwa sauti na si kwa kuandikiana, na mtoke na majibu ya maswali haya: wanafunzi ni wangapi na wana umri gani, wana vipindi vingapi vya lugha kwa wiki, mtihani wao unapima nini, chumba chenye kompyuta kinapatikana siku gani, na nani darasani tayari anaongea lugha hiyo nyumbani. Swali la mwisho ni zito kwa Bujumbura. Mji huo una mitaa yenye Waswahili wa siku nyingi, Buyenzi ukiwa ndio unaojulikana zaidi, kwa hiyo katika darasa moja utamkuta kijana anayeota kwa Kiswahili akiwa ameketi na mwenzake aliyetoka mkoani juzi na anayekifahamu kwa kitabu tu. Usipojua mapema, wale wawili watatu wa Buyenzi watajibu kila kitu na wengine watakaa kimya muhula mzima. Ukijua, utawapa kazi ya kuongoza makundi.

Hatua ya 2: Linganisha kalenda, kisha saa

Mwaka wa shule Tanzania huanza Januari. Burundi huanza Septemba. Vipindi vinavyowiana vizuri ni viwili: mwishoni mwa Januari hadi Machi, na mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba. Mimi huchagua cha kwanza. Mwisho wa mwaka upande wetu umejaa mitihani ya taifa, na mwanafunzi wa kidato cha pili au cha nne hatakuwa na akili ya mradi huu hata akipenda. Kidato cha tatu ndilo darasa lenye nafasi: lugha imeanza kukaa, na mtihani bado uko mbali.

Wiki nane zinatosha. Katika hizo weka mikutano mitatu tu ya ana kwa ana kwenye video, na wiki nyingine ziwe za kutumiana sauti, picha na maandishi. Kukutana kila wiki kunavutia kukitajwa, lakini kunakula vipindi, bando na uvumilivu wa mkuu wa shule.

Kwenye saa kuwa mwangalifu. Sisi tunasema saa tatu asubuhi, Mrundi anayefundisha Kifaransa ataandika 8h00, na wote mnazungumzia dakika ileile. Kila ujumbe wa miadi uwe na tarakimu na majina ya miji: 09:00 Dar es Salaam, 08:00 Bujumbura. Kigali na Lubumbashi ziko sawa na Bujumbura. Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi, na mabadiliko hufanyika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Pwani ya mashariki ya Marekani iko nyuma kwa saa nane, au saba wakati wa kiangazi, nayo hubadilisha saa tarehe tofauti na Ulaya: Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Afrika Mashariki haibadilishi chochote, na ndiyo maana ni sisi tunaokuta chumba kitupu wiki hizo.

Hatua ya 3: Ruhusa

Mweleze mkuu wa shule kwa barua ya ukurasa mmoja, yenye ratiba na jina la mwalimu mwenza. Kwa shule ya serikali, nakala kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri ni busara. Kisha wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na sauti na sura ya mtoto ni taarifa zake binafsi. Barua kwa mzazi iwe ya Kiswahili chepesi na iseme mambo manne: watoto watafanya nini, nini kitarekodiwa, nani atakiona, na kitafutwa lini. Acha nafasi ya mzazi kukataa video lakini kukubali sauti. Wapo, na mtoto wao hapaswi kukosa mradi kwa sababu hiyo.

Watoto watumie jina la kwanza tu. Namba za simu hazibadilishwi, wala kurasa za mitandao ya kijamii. Mawasiliano yote yapitie kwa walimu wawili. Kwa kuwa wanafunzi wetu hawaruhusiwi simu shuleni, hili halitakuwa gumu kulisimamia mchana. Waelezeni sababu yake pia, maana jioni kwa shule za kutwa hamtakuwepo.

Hatua ya 4: Vifaa vilivyopo vinatosha

Kompyuta mpakato moja, projekta, spika za nje, na simu ya mwalimu ya kugawa intaneti. Hivyo tu. Kama utanunua kitu kimoja, nunua kipaza sauti cha waya cha kuwekwa mezani. Darasa linavumilia picha inayokwamakwama, ila likikosa sauti safi hakuna somo la lugha.

Zoom ya bure hukata mkutano wa kundi baada ya dakika 40, ambazo ni sawa na kipindi kimoja cha sekondari. Google Meet ya bure inakupa dakika 60. Saa moja ya video kwenye Zoom yaweza kula kuanzia nusu gigabaiti hadi zaidi ya gigabaiti moja na nusu, wakati mkutano wa sauti pekee unakula makumi machache ya megabaiti. Kwa hiyo washa video wakati wa salamu na wakati wa kuonyesha kitu, kisha izime. Ujumbe wa sauti wa dakika moja kwa WhatsApp haufiki hata megabaiti moja. Huo ndio utakuwa chombo chako kikuu.

Miongozo mingi ya zamani itakuelekeza kwenye Skype, Jamboard na Flip. Skype ilifungwa Mei 2025, Jamboard mwishoni mwa 2024, na Flip kama huduma ya kujitegemea mwaka 2024. Usipoteze jioni nzima kuzitafuta.

Umeme ukikatika? Kompyuta iwe imejaa chaji tangu usiku, na kubalianeni kwamba zikipita dakika tano bila mawasiliano, mnahamia kwenye simu ya kawaida ya sauti, imewekwa karibu na kipaza sauti. Andikeni hilo kwenye ratiba, msije mkaanza kulitafutia ufumbuzi mbele ya watoto sitini.

Na wako sitini kweli, mara nyingi. Wagawe katika makundi ya watu sita, kila kundi likiwa na kundi lake pacha Bujumbura. Katika kundi awepo msemaji, mwandishi, mtunza muda, na mmoja wa kukamata maneno mapya anayoyasikia. Majukumu yazunguke kila mkutano. Siku ya video makundi yanaingia mbele ya kompyuta kwa zamu, dakika sita kila moja, na waliobaki wana karatasi ya kujaza kwa kusikiliza. Kwa makundi kumi hutamaliza kwa kipindi kimoja, kwa hiyo omba vipindi viwili vilivyofuatana, na hiyo Zoom ya bure fungua mara mbili.

Hatua ya 5: Sheria ya lugha mbili

Miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Ruhr kule Bochum, Ujerumani, kilikuwa kitovu cha mtandao wa wanafunzi waliojifunza lugha wawili wawili kwa barua pepe, kazi iliyoongozwa na Helmut Brammerts. Kanuni walizoziweka zilikuwa mbili: kila mmoja apate kwa kadiri anavyotoa, na kila mmoja awe na dhamana ya kujifunza kwake mwenyewe. Mwaka 2006 João Telles na wenzake wa chuo cha UNESP, Brazil, walizipeleka kanuni hizo kwenye video wakaita Teletandem. Kwa darasa la sekondari, kanuni ya kwanza inageuka kuwa saa ya ukutani: nusu ya muda Kifaransa, nusu Kiswahili, na kengele inapigwa katikati. Lugha hazichanganywi ndani ya nusu moja. Usiposimamia hili, lugha ya wale wenye kujiamini zaidi itakula muda wote. Kati ya Dar es Salaam na Bujumbura lugha hiyo ni Kiswahili, na watoto wako watarudi nyumbani na Kifaransa kilekile walichokuja nacho.

Kuhusu kusahihishana, weka utaratibu kabla ya siku ya kwanza. Mtu akiongea, hakatizwi. Baada ya kumaliza, mwenye lugha anachagua makosa mawili tu, yale yaliyomzuia kuelewa, na kumrudishia mwenzake sentensi nzima iliyo sawa. Mwenzake anairudia kwa sauti na kuiandika. Makosa mengine yanaachwa. Kijana akisahihishwa mara nane katika dakika moja hatakuja mbele tena.

Na hili ni la moyoni kwangu: Kiswahili cha Bujumbura, Bukavu au Lubumbashi si kosa la kusahihishwa. Mtoto wa Lubumbashi akisema "niko nasoma", anaongea lugha ya mama yake. Waambie wanafunzi wako mapema kwamba upande wa pili wanajifunza Kiswahili sanifu cha shule, na kwamba wanaweza kuwapa umbo la sanifu likiombwa, lakini kicheko hakiruhusiwi. Nao watakutana na jambo hilohilo kwa Kifaransa. Kitabu chao kinasema *soixante-dix* na *quatre-vingt-dix*, na wenzao wa Burundi, Rwanda na Kongo watawatajia *septante* na *nonante*, kama Ubelgiji. Wote wako sawa, na ni vizuri mtoto alisikie hilo kutoka kwa mwenzake kabla hajalisoma mahali.

Hatua ya 6: Shughuli zenyewe

*Wiki ya 1. Sauti ya asubuhi.* Kila kundi linarekodi dakika moja ya sauti za mahali linapoishi, bila neno lolote: jogoo, kivuko, mashine ya kusaga, adhana, kengele ya shule. Kundi pacha linasikiliza na kuandika, kwa lugha linayojifunza, linachodhani kinaendelea: "Je pense que c'est un marché." Majibu yanarudishwa na kuthibitishwa. Ni shughuli nyepesi, haihitaji video, na inaondoa woga kwa kuwa kukisia vibaya hapa si kosa.

*Wiki ya 2, video ya kwanza. Fumbo la mahali.* Kila kundi linachagua mji mmoja wa nchi yake na kuuficha. Kundi pacha linaupata kwa maswali ya ndiyo au hapana, yasiyozidi kumi na tano, huku ramani ya nchi ile ikiwa mezani. Wetu wanauliza kwa Kifaransa: "Est-ce que la ville est au bord du lac ?" Wao kwa Kiswahili: "Je, mji huo uko kaskazini mwa Tabora?" Faida kubwa ya fumbo ni kwamba mtoto anarudia muundo wa swali mara kumi na tano bila kuchoka, kwa sababu akili yake iko kwenye ramani. Watayarishe kipindi kimoja kabla, wakiwa na orodha ya maneno: mto, mlima, mpaka, reli, bandari, na pande nne za dunia.

Usishangae miji mikuu ikitokea mapema. Tanzania iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na Burundi mwaka 2019 ikaifanya Gitega kuwa mji mkuu wa kisiasa, Bujumbura ikibaki kitovu cha biashara. Nchi mbili jirani, uamuzi unaofanana. Wape kazi ya nyumbani: kila upande uandike sentensi tano za kuueleza upande mwingine kwa nini mji mkuu ulihamia ndani ya nchi.

*Wiki ya 3 na 4. Dodoso la maneno.* Hii ndiyo shughuli ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo isiyohitaji teknolojia kubwa. Ilianzia chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1997, katika mradi ulioitwa Cultura, uliokutanisha wanafunzi wa Kifaransa wa Marekani na wanafunzi wa Kiingereza wa Ufaransa. Wote walijaza dodoso moja, kila mtu kwa lugha yake mwenyewe, kisha majibu yakawekwa ubavu kwa ubavu. Kujibu kwa lugha yako kunakuruhusu kusema unachofikiri hasa. Ugumu wa lugha unabaki kwenye kusoma majibu ya wenzako, na majibu hayo yanakuwa maandishi halisi ya vijana wa rika lako, ambayo hakuna kitabu kinachoyatoa.

Dodoso liwe na sehemu tatu. Kwanza maneno matano, na mwanafunzi anaandika mambo matatu yanayomjia kila neno likitajwa: mgeni, wakati, shule, heshima, utani. Pili sentensi za kukamilisha: "Jirani mwema ni yule…", "Mwalimu mzuri ni yule…". Tatu hali mbili za kusema ungefanyaje: ya kwanza, umefika kwa rafiki yako wakati familia inakula, nawe hukualikwa; ya pili, mtu mzima usiyemjua anakutuma dukani. Lifasirini dodoso ninyi walimu wawili, neno kwa neno, kwa simu. Hapo ndipo mtakapogundua kwamba "utani" haupati mwenzake wa haraka kwa Kifaransa, na itawabidi kuueleza kwa mfano.

Majibu ya madarasa yote yachapwe kwenye jedwali, safu mbili. Kila kundi lichague kitu kimoja kilichofanana mno na kimoja kilichowashangaza, kisha litume ujumbe wa sauti wa kuuliza kuhusu kilichowashangaza. Swali lianze na "Tumeona mmeandika…" na si "Kwa nini ninyi watu wa huko…". Kaeni na jedwali hilo vipindi viwili kamili na msiharakishe. Darasa likianza kubishana lenyewe kwa lenyewe kuhusu maana ya mwalimu mzuri, acha lisonge, kisha wadai hoja zao kwa Kifaransa.

*Wiki ya 5. Kapu la sokoni.* Makundi yanapewa orodha moja: kilo ya mchele, kilo ya maharage, lita ya mafuta, fungu la dagaa, mkate, sabuni ya kufulia. Kila upande unakwenda sokoni, unaandika bei kwa fedha yake, unazitaja kwa ujumbe wa sauti kwa lugha inayosomwa. Upande wa pili unaziandika kwa kusikiliza, unabadilisha fedha kwa kiwango cha siku hiyo, na kulinganisha. Hakuna imla ya tarakimu inayoshinda hii. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, wanaoitwa *ndagala* Bujumbura, huvuliwa katika ziwa moja na kuuzwa pande zote mbili, kwa hiyo bei yao daima inaleta maswali.

*Wiki ya 6, video ya pili. Vitendawili.* "Kitendawili!" "Tega!" Kila mtoto wetu anajua. Makundi yanatega vitendawili vifupi: "Nyumba yangu haina mlango," "Kila niendapo ananifuata," "Kuku wangu katagia mibani." Wenzao wakishindwa, wanaombwa mji kama ilivyo desturi, na hapa tunaongeza sharti moja: mji wanaoutoa lazima uwe wa nchi ya mtegaji, na waseme jambo moja la kweli kuuhusu walilojifunza katika wiki zilizopita. "Tunawapa Kigoma. Kigoma ni mwisho wa reli ya kati." Mtegaji akiridhika, anatoa jibu. Nusu ya pili wao wanatega kwa Kifaransa, na mwanzo wake wawafundishe wenyewe namna wanavyofungua kwao. Rwanda, kwa mfano, mtegaji husema "Sakwe sakwe!" na kujibiwa "Soma!". Kitendawili kinafaa mtandaoni kuliko mazungumzo marefu: ni kifupi, sauti ikikatika kinarudiwa, na watu wote sitini wanaweza kuitikia kwa pamoja.

Hatua ya 7: Kazi ya mwisho

Wiki ya 7 na 8 zitumike kutengeneza kitu kimoja cha pamoja. Kijitabu cha kurasa ishirini kinatosha, kila kundi na pacha wake wakiwa na kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa wa Kifaransa unaandikwa na Watanzania, wa Kiswahili unaandikwa na Warundi, na kila upande unahariri ukurasa wa mwenzake kwa utaratibu uleule wa makosa machache na sentensi kamili. Mada zitoke kwenye yaliyofanyika: bei za kapu, sababu za mji mkuu kuhama, jibu lililowashangaza, namna ya kupika ndagala. Faili moja la Google Docs kwa kila kundi linafaa. Mahali ambapo intaneti ni ya taabu, karatasi zipigwe picha na kutumwa. Chapisheni nakala mbili tatu, moja ikae maktaba ya kila shule. Video ya tatu ni ya kusomeana kurasa hizo, na wazazi waalikwe.

Kwa darasa shirika la Leipzig au Bayreuth, kumbuka kwamba wanaojifunza Kiswahili huko ni wanafunzi wa chuo kikuu, watu wazima. Wakutanishe na kidato cha tano na sita au na chuo, na lugha ya upande wetu iwe Kijerumani kama kinafundishwa. Kama hakifundishwi, kubalianeni tangu mwanzo kwamba upande mmoja unatoa lugha na mwingine unatoa kitu kingine cha thamani sawa, kwa mfano usaidizi wa masomo ya kompyuta. Darasa linalotoa tu bila kupokea litajitoa, na litakuwa na haki.

Hatua ya 8: Pima, na uandae wanaokuja

Wiki ya kwanza kila mwanafunzi ajirekodi dakika moja akijibu swali moja kwa Kifaransa: "Une journée chez moi." Wiki ya nane ajibu swali lilelile bila kusikiliza la kwanza. Kisha azisikilize zote mbili na kuandika mwenyewe mambo matatu yaliyobadilika. Wewe sikiliza urefu wa sentensi, idadi ya maswali anayoweza kuuliza, na muda anaokaa kimya kabla ya kujibu. Alama za sarufi utazipata kwenye mitihani mingine. Kwa mkuu wa shule, rekodi mbili za mtoto mmoja zikifuatana zinasema mengi kuliko taarifa yako, mradi mzazi ameridhia zichezwe.

Futa rekodi zilizobaki kwa tarehe uliyoiandika kwenye barua ya wazazi.

Kidato cha tatu watakuwa cha nne mwakani na hawatakuwa na nafasi, kwa hiyo darasa la kurithi lichaguliwe kabla ya Machi kwisha. Waombe wanaomaliza wawaandikie wanaokuja ukurasa mmoja, kwa Kifaransa huku na kwa Kiswahili kule: shughuli gani zirudiwe, ipi iachwe, maneno gani yaliwasaidia walipokwama. Ukurasa huo upitieni na mwalimu mwenzako kwa simu kabla ya kuandika ratiba mpya, na ile shughuli waliyosema iachwe, iacheni kweli.